Diski Isiyozimwa

Toivo Kangas alipokufa, njia zake za msituni zilinyamaza. Theluji iliangukia mji wetu wa Hancock kama kawaida, na sisi tukatundika ukutani mbao zetu za kutelezea thelujini, kwa kuwa ramani pekee ya njia zile aliichora mwenyewe, na ilikuwa ndani ya kompyuta yake ya zamani, Macintosh.

Dada yake Darlene, mpishi mstaafu wa shule, akaamua kuitoa. Alianza kwa kujifunza kanuni ambayo wapenzi wa mashine hizi huishika kama sala: toa betri kwanza, isije ikavuja na kula bodi ya saketi. Akaitoa, akaiweka kwenye kisosi.

Jumamosi, Gus Maki, rafiki wa marehemu, aligongagonga diski ya ndani ya mashine, iliyokuwa imekwama, hadi ikazunguka.

"Usiizime," alisema. "Ikilala tena, haiamki."

Tundu la disketi lilikuwa limekufa. Ilibaki njia moja ya kuhamisha ramani: waya wa simu hadi Macintosh ya pili, iliyo nzima, upande wa pili wa meza. Wakauchomeka. Mashine hazikuonana. Wakageuza ncha, wakabadilisha waya, na diski ikaanza kulia kama panga linalonolewa.

"Waya wako umeoza, Gus."

"Waya wangu? Wewe mama, ulizoea sufuria."

"Na sufuria zangu ulizifuta kwa mkate. Nipishe."

Darlene akafungua kidirisha cha kuchagulia mashine, akasoma taratibu. Mtandao: umezimwa.

"Nani kauzima?"

Gus alitazama kisosi, akajishika kichwa. "Sisi. Bila betri haikumbuki kitu. Kila ikiwaka, inarudi kama siku ilipozaliwa."

Darlene akabofya mara moja kuuwasha. Jina la mashine ya pili likatokea. Akavuta ramani hadi huko, kisha programu ya kuchorea, maana bila hiyo ramani isingefunguka. Mstari mweusi wa kupima unakili ukatambaa kwenye skrini. Akamng'ang'ania Gus mkono wa shati, wote wawili wamesimama, hawapumui. Mstari ukajaa. Diski ikakoroma, ikanyamaza.

Kwenye mashine ya pili ramani ikafunguka, njia zote, na juu ya mteremko mmoja Toivo alikuwa ameandika: *Hapa Darlene alianguka*.

"Mshenzi huyu," Darlene alisema, akicheka, machozi yanamtoka.

Diski ile haijazunguka tena. Darlene yuko msituni na msumeno, anafyeka matawi kwenye mteremko wake.