Miwani ya Bosi

Bi Miwani, fundi wa kupima macho, hakuwa na subira hata chembe, isipokuwa kwa watoto. Foleni fupi ya benki ilimpandisha mori. Lakini mbele ya mtoto anayejifunza polepole aliweza kukaa sakafuni asubuhi nzima, magoti yakimlalamikia, akingoja mtoto ajiamulie.

Basi akaletewa Bosi. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu maneno yake yalikuwa machache, na mengi yalikuwa amri. Alikuwa na miaka minane, akisoma darasa la mahitaji maalumu, na mbali haoni kitu. Miwani ya kwanza, iliyotoka duka jingine, aliitupa chooni. Ya pili iliishia kwenye ndoo ya deki.

"Nimechoka, mwanangu," alisema bibi yake. "Nikienda kumchukua shuleni ananipita utadhani mimi nguzo. Mpaka niseme ndipo anijue. Nitakufa huyu hajaijua sura yangu."

Bi Miwani alimpima Bosi kwa kadi za picha, maana herufi hazikumhusu. Akioneshwa nyumba kwa mbali, aliigusa nyumba kama hiyo kwenye kadi zilizokuwa mbele yake. Kisha Bi Miwani akachungulia nyuma ya masikio ya mtoto, akakuta alama nyekundu. Alikuwa amevalishwa fremu za watu wazima, zikakunjwa kwa nguvu zisidondoke.

"Mama, hata mimi ningeitupa chooni," alisema.

Wakarudi siku miwani mpya ilipokuwa tayari: ndogo, ya zambarau, laini masikioni. Bosi akaziba uso kwa mikono.

"Sitaki!"

"Haya." Bi Miwani akaivaa mwenyewe. Kwa lenzi zile hakuona mbele wala nyuma. Akaligonga kabati, akaliamkia: "Shikamoo, bwana mkubwa."

Bosi akachungulia katikati ya vidole. Wivu ukamshika.

"Yangu! Lete!"

Akaivaa, juu chini. Bi Miwani akauma midomo asiseme neno. Bosi akaivua, akaigeuza, akaivaa tena. Akautazama mlango. Akalitazama kabati kwa dharau. Bi Miwani akamwashiria bibi, aliyekuwa kwenye kona ya mbali, anyamaze kabisa.

Bosi akamwona. Akamwendea moja kwa moja, akamshika kidevu.

"Bibi," alisema. "Ndevu."

Bibi akacheka, machozi yakamtoka, akashindwa kujua kama ni ya kicheko au ya kilio. "Ndiyo, mjukuu wangu! Ni mimi! Ndevu zangu!"

Bosi akasogea karibu, akazikagua vizuri.

"Nyoa."