Ersilia na Machipukizi ya Pasaka

“Mgeni atakayekaa mezani kwangu hatatia mdomoni kitu ambacho sikukiokota, sikukikanda au sikukinyonga kwa mikono hii miwili!”

Hayo aliyasema shangazi yangu Ersilia Bartoccini siku ya Mtakatifu Yosefu, katikati ya uwanja wa mji wetu wa Roccaspina, kwa kipaza sauti cha parokia, sukari ya maandazi ya sikukuu ikiwa bado kidevuni. Watu mia mbili walimsikia. Kipaza sauti kile siku ya misa hukoroma kama mzee mwenye mafua, lakini siku Ersilia alipoamua kujisifu kilisema vizuri mpaka bonde la pili.

Angeishia kwenye kunyonga kuku, tusingegombana.

Ersilia ana miaka hamsini na mitatu, na hamsini na miwili kati ya hiyo ameitumia kula kwa makini. Alikaa dirishani pa posta yetu miaka ishirini na minne. Ulikwenda kununua stempu, ukarudi umefundishwa kupika dengu. Alishawahi kufukuzwa harusini kwa kumwambia mama wa bibi harusi, mbele ya wakwe, kwamba supu yake ilikuwa ya unga wa paketi. Ilikuwa ya unga wa paketi kweli. Hilo ndilo lililowaudhi.

Posta ilipofungwa, akafungua jiko la marehemu mama yake kwa wageni. Kila majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Mei, walikuja saba saba, Wadenmaki, Wakanada, Wajerumani wenye kofia. Asubuhi aliwapeleka kuchuma mboga za mwituni, mchana akawakandisha unga mpaka mabega yakawauma, kisha akawalisha mpaka wakafungua mikanda. Simsingizii, kazi aliijua. Wageni aliletewa na wakala mmoja wa Perugia, Fabrizio Mencarelli, mtu mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope.

Sasa, kwetu mtu atakupa figo kabla hajakupa mahali pake pa asparagasi, yale machipukizi yanayoliwa kama mboga. Sisemi hizi nene za shambani zinazofanana na vidole vya padri. Nasema za porini, nyembamba kama waya, zenye uchungu mdogo unaokushika nyuma ya ulimi. Kila familia ina mahali pake, na mahali hapo hupajua mtu mmoja tu. Miguu ikimwisha, anamwambia mwingine mmoja, naye ananyamaza mpaka miguu yake nayo imwishe. Kuna wanaume Roccaspina wamekufa na mahali pao kifuani, na watoto wao hadi leo wanafuatafuata mbwa wa marehemu wakidhani mbwa atakumbuka.

Bibi yangu Zaira alikuwa na mahali bora kuliko wote. Kila Aprili tulimwona akitoka kwa njia ya makaburini na kurudi kwa njia ya kinu, fungu limefichwa chini ya aproni, uso mkavu kama ametoka kuungama. Mama yake alimwonyesha mwaka wa vita, Zaira akiwa na miaka sita. Mwezi mzima walikula machipukizi yale na chumvi, basi, na hakuna aliyezikwa. Tangu hapo kila asubuhi ya Pasaka, kabla ya mkate wa jibini, kabla ya soseji kavu, kabla ya mayai yaliyobarikiwa, kinaliwa kwanza kimanda cha asparagasi za pale. Asiyekula kimanda, kwa Bibi hajafufuka.

Desemba iliyopita nyonga ya Bibi ilivunjika. Baba yangu, mtoto wake wa pekee, akasogeza kiti karibu na kitanda akisubiri kuambiwa. Bibi akamwambia akanunue maziwa. Alipotoka, akamwita Ersilia, binti wa marehemu dada yake.

“Nenda peke yako,” alimwambia. “Rudi kwa njia nyingine. Na kila kichaka ukiachie chipukizi moja.”

Baba aliporudi na maziwa alikuta mambo yamekwisha. Hajanywa maziwa tangu siku hiyo.

Tufike Wiki Takatifu. Jumapili ya Matawi mji mzima hushuka kwenye bonde la wote, lile la kando ya barabara, na jioni panabaki mawe na pakiti za sigara. Wageni wa Ersilia walikuwa wafike Jumanne, na Mencarelli alikuwa ameshawaandikia kwamba wataokota asparagasi za porini Jumatano. Ersilia akampigia simu kutoka baa ya Learco, akaiweka simu kaunta na sauti wazi, maana alikuwa anamenya karanga.

“Bonde limekwisha, Fabrizio. Nitawapeleka kwenye majani ya chikori.”

“Ersilia mpenzi, hawajaruka mabara kuja kuona majani. Nenda soko la Terni, nunua mafungu kumi, alfajiri uyachomeke vichakani. Watu wanafanya hivyo.”

“Niyachomeke?”

“Kidogo tu. Sentimita tano.”

“We Fabrizio, mafuta ya nywele yamekuingia ubongoni? Nichomeke asparagasi ardhini kama mishumaa ya keki, halafu nimwambie mtu mzima, tazama, maumbile?”

“Hawatajua.”

“Nitajua mimi! Huna haya? Mama yako yuko hai? Mpe simu!”

Akakata. Baa nzima inacheka. Learco, ambaye kwa miaka thelathini anauza kahawa bila kumwonea mtu huruma, akainua mikono yake miwili juu.

“Kwa mikono hii miwili!” akasema, akiigiza sauti ya kipaza sauti. “Usijali Ersi, Jumamosi nitakuchomekea na kuku.”

Ningependa kusema kwamba Ersilia alihangaika, akapiga magoti kanisani, akakesha. Hapana. Alilipa kahawa yake, akafunga skafu, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshaamua. Nilimwona mgongo. Mgongo wa mtu aliyechekwa.

Jumatano akawapeleka saba wote mahali pa siri pa Bibi Zaira.

Aliwaapisha, hilo alifanya. Aliwasimamisha mwanzo wa njia, mkono kifuani: hakuna picha, hakuna kusema, kila kichaka kiachiwe chipukizi moja. Wakaapa wote kwa lugha tatu. Na walitii! Hakuna aliyepiga picha hata moja. Waliokota kama watu walioingia msikitini. Mmoja, daktari wa meno mstaafu aitwaye Jesper Lindgaard, alilia kidogo. Alivaa mkononi saa ile inayopima mapigo ya moyo na kuchora njia yote unayotembea, kona kwa kona. Jioni, kwa shukrani, akaituma ile njia mtandaoni na kuandika chini yake: “Asparagasi tamu kuliko zote Umbria. Asante, Ersilia.”

Sina ugomvi na Jesper. Alikuja kula. Nina ugomvi na mtu aliyezaliwa hapa, aliyenyonyeshwa hapa, aliyejua kwamba siri ya watu wawili tayari ni gazeti, akaigawa kwa watu saba ili Learco anyamaze. Learco! Mtu ambaye hajanyamaza hata siku alipong'olewa meno.

Jumamosi Kuu Ersilia akaenda na kisu na kitambaa kuchuma za kimanda cha Bibi. Kilichofuata amenisimulia mara tatu, na kila mara matusi yalikuwa mapya. Magari kumi na moja yameegeshwa ubavuni mwa kilima, mengi ya Roma. Watu wana mifuko ya dukani. Vichaka vimeng'olewa na mizizi yake, kwa sababu mtu wa mjini akiona mwiba anadhani ni mlango, anauvunja. Mtoto anacheza upanga na mashina. Ersilia akapanda kwenye jiwe.

“Tokeni! Tokeni nyote, nzige nyie! Hapa ni pa mama yangu mkubwa!”

Mwanamke mwenye miwani ya jua juu ya nywele akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama kichaa wa watu wengine.

“Mama, huu ni msitu wa umma. Upo mtandaoni. Una nyota nne na nusu.”

“Nne na nusu?” Ersilia akasema. Hata katika hasira ile, mla vizuri ni mla vizuri. “Nusu imekwenda wapi?”

“Hakuna choo.”

Alizunguka mteremko mzima kwa saa mbili. Hakupata hata moja.

Asubuhi ya Pasaka tulikuwa wanne mezani: Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu na shali nyeusi, baba, mimi, na Ersilia aliyeingia na sufuria imefunikwa kitambaa. Akaiweka mbele ya Bibi, akafunua. Kimanda kilikuwa kizuri, cha njano, kimevimba vizuri. Cha mayai matupu.

Bibi akakipindua kwa uma, akatazama chini yake kama mtu anayetafuta hereni.

“Ziko wapi?”

“Baridi, mama mkubwa. Mwaka huu zimechelewa.”

“Baridi gani? Mteremko ule unaotazama jua haujaona barafu tangu mwaka themanini na tano. Ziko wapi, Ersilia?”

Ersilia akasema. Siwezi kumnyima hilo. Alisema yote, baa, wageni, kiapo, saa, magari, akiwa amesimama, akishika kitambaa kwa mikono yote miwili. Baba yangu akacheka mara moja, kicheko kikavu cha mtu aliyeshinda kesi baada ya nyumba kuungua. Bibi akamgeukia.

“Nyamaza wewe. Sikukupa wewe kwa sababu una mdomo.” Kisha akamrudia Ersilia. “Nikasema, huyu ana tumbo tu. Mwenye tumbo hulinda chakula. Kumbe na wewe una mdomo, tena wa kipaza sauti.”

“Nitapapanda upya. Nitaweka uzio. Nitasimama pale mwenyewe na bunduki ya marehemu baba.”

“Utapanda? Yale hakuyapanda mtu. Mama yangu alikuwa na mimi na dada yangu, mama yako, na chumvi ya kukopa. Mama yako wewe! Usingezaliwa. Umetokana na mteremko ule, na umeutoa kwa Mdenmaki ili Learco asikucheke.”

“Mama mkubwa, nisamehe.”

“Kaa ule.”

Ersilia akakaa, akidhani ni msamaha. Bibi akamkatia kimanda kipande kikubwa, akamsogezea, na yeye mwenyewe hakugusa. Hakugusa mkate wa jibini, wala soseji, wala mayai ya padri. Akakaa mikono mapajani akimtazama Ersilia akitafuna, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha. Sijawahi kuona mtu akiadhibiwa kwa chakula kizuri kiasi kile.

“Umeshiba?”

“Ndiyo.”

“Basi usirudi hapa.”

Hajarudi. Nimemjaribu Bibi kwa upole na kwa utani. Huwa ananiuliza kama maziwa yapo.

Jumatatu ya Pasaka Ersilia alimpigia simu Mencarelli kutoka baa ileile, safari hii hakuweka sauti wazi, lakini alipiga kelele kiasi kwamba haikuhitajika. Futa wageni wote. Futa Aprili, futa Mei. Ondoa ile njia mtandaoni. Jiko limefungwa, na wewe ukifika Roccaspina nakukanda kama unga.

Akasikiliza. Tukaona shingo yake ikipanda wekundu kutoka chini, polepole, kama mvinyo kwenye kitambaa.

“Anasema nini?” Learco akauliza. Kwa mara ya kwanza bila kucheka.

“Anasema nipumzike, nimechoka.” Akaiweka simu kaunta. “Anasema hanihitaji, maana njia sasa inajulikana. Ameshaajiri kijana wa Foligno.”

Tangazo la Mencarelli lilibandikwa Jumatano ya wiki hiyo kwenye kituo cha basi, mbele ya dirisha la iliyokuwa posta, na bado lipo. Lina picha ya kikapu. Matembezi ya asparagasi kwenye mteremko wa siri wa Roccaspina, nusu siku, chakula hakimo: yuro sabini na tano kwa mtu mmoja.