Siku Bi Muhuri Alipoweka Mikono Mapajani

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa. Katika chumba cha seva cha hospitali, palipokuwa masjala zamani, mwanamke wa miaka sitini amekaa mbele ya kompyuta na mikono ameiweka mapajani, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. Leo kazi yake ni kutogusa kitu.

Hospitali nzima inamwita Bi Muhuri. Ndiye anayetunza vyeti vya usalama vya seva ya barua pepe. Cheti cha namna hiyo huzihakikishia kompyuta nyingine kwamba zinazungumza na hospitali yenyewe, si tapeli. Kikipitwa na tarehe, vituo vya afya kumi na vinne vinavyopokea majibu ya maabara kutoka hapa hukosa mawasiliano.

Kwa miaka kumi na minane amevibadilisha kwa mkono wake. Saa tatu kamili, kwa mara ya kwanza, seva itajibadilishia yenyewe. Cheti cha sasa kinaisha kesho adhuhuri, na kazi ya Bi Muhuri inaisha leo jioni, anapostaafu.

"Kikigoma, kesho siendi popote," anasema. "Mdogo wangu nimeshamwambia."

Kesho mdogo wake anamwoza binti yake wa mwisho, na Bi Muhuri ndiye mama mkubwa wa bibi harusi.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na miwili, karani wa kufunga bahasha. Mkuu wa masjala, mzee mkali asiyependa utani, aliyeyusha lakiri kwenye mshumaa, akaidondoshea bahasha na kugandamiza muhuri. "Barua isiyo na muhuri ni uvumi," alizoea kusema.

"Harufu ya lakiri ile bado ninayo puani," anasema Bi Muhuri. "Tulikuwa sita humu. Birika moja la chai, kelele mpaka daktari anakuja kutunyamazisha. Sasa nimebaki mimi na feni. Nawakumbuka, jamani! Wengine wameshatangulia."

Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizikwepa. Yeye alijifunza. Mzee alipostaafu alimwachia daftari la mihuri lenye safu tatu: tarehe, kazi, sahihi. Ndilo analoandikia vyeti hadi leo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mdogo wake alimwoza binti yake mkubwa. Asubuhi ile Bi Muhuri alibadilisha cheti, akatia sahihi daftarini, akaenda harusini. Alisahau jambo moja: kuiwasha upya programu ya barua ili isome cheti kipya. Seva ikaendelea kuonyesha kile cha zamani, ambacho mchana kiliisha muda.

"Simu ililia bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini," anakumbuka. "Nilitoka mbio, viatu mkononi."

Majibu ya damu ya mtoto mmoja yalikuwa yamekwama kwa saa nne. Mama yake aliyasubiri kwenye benchi la kituo mpaka jioni. Mtoto alipona.

"Watu waliniambia kuteleza si kuanguka. Sawa, lakini aliyekaa kwenye benchi si mimi."

Katika picha za harusi ile hayumo hata moja. Mdogo wake hajawahi kumlaumu. "Bora angenilaumu," anasema.

Zamani cheti kilidumu mwaka mzima. Siku hizi ni siku tisini tu, ndiyo maana mrithi wake, fundi wa mitandao aliyehamia hapa mwaka jana, ameiandikia seva maagizo ya kujibadilishia. Mstari wa mwisho, ule wa kuiwasha upya programu, Bi Muhuri aliusimamia mwenyewe neno kwa neno.

Saa tatu inagonga.

"Dada, usiguse," anasema mrithi wake, aliyesimama nyuma ya kiti.

"Nimegusa nini?"

"Mkono huo umetoka mapajani."

"Unaniwasha tu."

Kwenye skrini, tarehe mpya inajitokeza. Bi Muhuri haiamini. Ananyanyua simu na kupiga kituo cha mbali kuliko vyote.

"Majibu yanaingia, Bi Muhuri," anajibu muuguzi. "Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna, mwanangu. Hakuna kabisa."

Anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Amefurahi, na ameumia pia, wala hafichi. "Mazoea yana tabu," anasema. Anafungua daftari, anaandika tarehe, anaandika kazi. Kwenye safu ya sahihi anasita, kisha anamsogezea mrithi wake kalamu.

Na kesho?

"Kesho nakaa mstari wa mbele, na kila picha nimo, hata wanichoke. Simu naiacha nyumbani." Anacheka. "Mdogo wangu kaninunulia viatu vya kamba. Anasema ni ili nisiweze kuvivua upesi."