Fundi wa sikio moja na hedifoni mbili

Saa tatu na robo asubuhi, ukuta unagongwa mara mbili. Upande wa pili cherehani inanyamaza papo hapo. Mama aliyekuwa akishona gauni anaondoa miguu kwenye pedali na kukunja mikono. Kwa dakika nne zijazo hatagusa hata mkasi.

"Mkasi wangu ulishawahi kuimba kwenye wimbo wa watu," ananong'ona. "Kacha, kacha, kacha. Mwenye wimbo akasifia ngoma."

Nyuma ya ukuta huo kuna chumba cha hatua tatu kwa nne. Kuta zimefunikwa magodoro ya zamani na mabaki ya vitambaa vya cherehani. Mezani kuna kompyuta, spika mbili na kisanduku cheusi kisichozidi tofali kwa ukubwa. Hiyo ndiyo saundi kadi, inayopokea sauti kutoka kwenye maiki na kuiingiza kwenye kompyuta. Kitufe chake kimoja kimebanwa kwa kibanio cha nguo, maana kikiachwa huru sauti inakwaruza.

Mwenye chumba ana miaka arobaini na mitatu, na wateja wanamwita Chuma. Jina hilo alilipata kwenye kazi yake ya kwanza. Kwa miaka kumi na sita alichomelea mageti na madirisha, na jioni alipiga kinanda kujifurahisha.

Miaka kumi na moja iliyopita aliletewa tangi la mafuta alichomelee ufa. Aliambiwa ni tupu. Halikuwa tupu.

"Nilianguka chali," anasema. "Nilipoinuka naona watu wanafungua midomo, sauti hakuna. Siku ya tatu sikio la kushoto likarudi. La kulia nalisubiri mpaka leo."

Anacheka, kisha anageuza shingo kidogo ili sikio lake zima limwelekee anayezungumza naye. Ndiyo maana kiti cha mgeni humu ndani kiko kushoto kwake siku zote. Wateja wanadhani ni mpango wa chumba tu.

Hakuna mteja aliyewahi kuambiwa ukweli. "Nani atampelekea kiziwi wimbo wake?" anauliza.

Kwa mwezi anarekodi nyimbo tano au sita, na matangazo machache ya maduka. Ukijumlisha na cherehani, kodi na ada za shule zinalipika. Sikio moja linamtosha kujua kama mwimbaji ametoka nje ya sauti. Lisichoweza kumwambia ni sauti ipi iko kulia na ipi iko kushoto.

Mwaka wake wa kwanza alitengeneza wimbo wa harusi, akaiweka sauti yote ya mwimbaji upande wa kulia bila kujua.

"Ukumbini, waliokaa kulia walisikia bibi harusi akisifiwa," anasimulia. "Wa kushoto wakasikia ngoma tupu."

"Na hao wa kushoto ndio waliocheza zaidi," mkewe, yule mshonaji, anadakia kutoka mlangoni.

Alirudisha malipo na kuurekebisha wimbo bure. Tangu siku hiyo hakuna kazi inayotoka kabla mkewe hajaisikiliza.

Tatizo ni kwamba saundi kadi yao ina tundu moja tu la hedifoni. Asubuhi hii, wimbo ukishakamilika, fundi anavua hedifoni na kumvisha mkewe. Mkewe anasikiliza, anainua kidole.

"Hapo. Gita limehamia kushoto."

"Hapo wapi?" Fundi anazivua kichwani kwa mkewe na kuzivaa.

"Pameshapita, baba."

Wanarudisha nyuma. Wanapokezana tena. Wimbo wa dakika nne unawachukua saa nzima, na gauni la mteja linasubiri chini ya sindano. Waliwahi kununua waya wa kugawa sauti mara mbili wakautupa, kwa sababu kiasi kinachomtosha fundi kwa sikio lake moja kilikuwa kinamtoa mkewe machozi.

Leo wanakwenda kununua saundi kadi mpya. Wameweka akiba kwa miezi kumi na minne, sawa na malipo ya nyimbo ishirini na mbili. Mwalimu wa kwaya moja kubwa amemwahidi fundi nyimbo kumi, kwa sharti kwamba makundi yote manne ya sauti yarekodiwe kwa pamoja, kila kundi na maiki yake. Kazi hiyo ni kama miezi miwili ya mapato. Kisanduku cha sasa kinapokea maiki mbili.

"Nimeshaamua," anasema njiani. "Maiki nne. Mjadala umefungwa."

"Umeufunga wewe," mkewe anajibu. "Mimi nilikuwa bado naongea."

Dukani, muuzaji ni kijana mchangamfu anayeshika kila kifaa kama kimetoka kuzaliwa. Anawawekea mbili mezani, bei ileile. Ya kwanza ina matundu manne ya maiki na moja la hedifoni. Ya pili ina mawili ya maiki na mawili ya hedifoni.

"Fundi kama wewe, chukua hii ya maiki nne," anasema. "Hiyo nyingine ni ya wapenzi wanaosikiliza pamoja."

Fundi anaijaribu ya maiki nne kwa wimbo aliokuja nao. Anatikisa kichwa kwa raha. Kisha, kwa mazoea, anavua hedifoni na kumvisha mkewe.

"Hapo," mkewe anasema.

"Hapo wapi?"

Muuzaji anawatazama wakipokezana mara ya tatu, uvumilivu unamwishia. "Samahani, wazee wangu. Mbona mnanyang'anyana kama watoto na pipi? Shemeji naye ni fundi?"

Mkewe anatazama chini. Fundi anaweka mkono juu ya kisanduku cha maiki nne.

"Sikio langu la kulia limekufa," anasema. "Huyu ndiye sikio langu la kulia."

Muuzaji hacheki. Anachomoa waya, anauchomeka kwenye saundi kadi ya pili, anachukua hedifoni nyingine kwenye rafu na kuipangusa kwa shati lake. "Kila tundu lina kitufe chake," anaeleza. "Mzee, pandisha unavyotaka. Shemeji hataumia."

Wimbo unaanza. Fundi anazungusha kitufe chake karibu na mwisho. Mkewe anakiacha chake chini. Baada ya nusu dakika kidole cha mkewe kinainuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, fundi anakisikia kile kile kwa wakati ule ule.

"Gita," anasema.

"Gita," mkewe anaitikia.

Wanausikiliza mpaka mwisho. Hakuna anayerudisha nyuma.

Nje ya duka, mkewe akiwa amebeba saundi kadi ya hedifoni mbili, fundi anampigia mwalimu wa kwaya na kumweleza yote: sikio, maiki mbili, mke. Mkono wake mmoja umeshika simu, mwingine umeshika ncha ya shati.

"Kwa hiyo nyimbo zangu za mwaka jana," sauti ya mwalimu inasikika, "zile nilizokusifia kwamba sauti zimekaa kama nguo kabatini, alizipanga nani?"

"Mama watoto, mwalimu."

"Yule mshonaji?"

"Huyo huyo."

"Basi nilimsifu mtu siye. Siwezi kukuahidi kumi tena. Nitaleta mbili, waimbaji wazunguke hizo maiki zako. Zikinipendeza tutaongea. Na huyo mama awepo."

Fundi anashusha pumzi. Mbili si kumi, na hilo halifichi. Bendi moja ya vijana aliyoipigia baadaye ilisema itamjulisha, na bado haijamjulisha. Alipoulizwa kama habari ya sikio lake iachwe nje ya makala haya ya gazeti, alikataa.

"Iandike," alisema. "Nimechoka kugeuza shingo."

Mpango wake sasa ni kutoboa mlango kwenye ukuta unaotenganisha studio na cherehani, mkewe asilazimike kuzunguka nje, na kununua kiti cha mkewe. Anataka pia kibao kipya. Cha sasa kinasema Studio ya Chuma. Mkewe amependekeza Masikio Matatu, na fundi bado anasema atafikiria.

Mpaka mlango upatikane, wamekubaliana ishara mpya. Mara mbili bado ni nyamaza.

Mchana, saundi kadi mpya ikiwa mezani na kibanio kikiwa kimerudi kwenye kamba ya nguo, ukuta unagongwa mara tatu. Mama anakata uzi, anainuka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na kwenda kazini.