Lenzi Iliyompenda Babu

Picha pekee inayomwonyesha mama yangu mzima haina uso. Kanga ipo, miguu ipo, hata kivuli chake kipo chini, lakini usoni pana ukungu mtupu. Watu wakiniuliza kulikoni, nasema ni lenzi. Wanadhani natania.

Miaka ile mimi na kaka yangu tulikuwa na studio Musoma mjini. Yeye anapiga, mimi nasafisha picha kwenye chumba cha giza. Padri mmoja wa Nyegina, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Ulaya, alimuuzia kaka kamera nzuri, ile ambayo kwenye kidirisha chake unaona picha mbili, unazungusha lenzi mpaka zilaliane ziwe moja. Akatupa na lenzi mbili pana, za kuingiza watu wengi kwa karibu, tuzijaribu, zote za bei ya kutisha, moja ya Kijerumani, nyingine ya Kijapani. Tuchague moja tu, kwani itakayobaki alishamwahidi mtu wa Butiama.

Lenzi pana tuliihitaji kwelikweli. Amri ilikuwa imetoka: kaya zote za kwetu, nje kidogo ya Bunda, zihamie kijiji cha ujamaa na nyumba zivunjwe. Babu, mzaa baba, akaapa hahami kabla ukoo wote haujapigwa picha mbele ya nyumba yake. Ukoo mkubwa, na ua wa minyaa uko karibu, mpiga picha hana pa kurudi nyuma.

Basi tukabandika magazeti ukutani nyuma ya studio, tuyapige kwa kila lenzi. Upepo wa ziwa ukawa unayapeperusha. Mama alikuwa amekuja kututembelea. Akaweka chini kapu la michembe, viazi vikavu alivyotuletea, akashika gazeti kwa pembeni.

"Kumbe huwaga mnapiga picha magazeti! Watu wameisha Musoma?"

"Mama, kaa basi nawe upigwe," nikamwambia.

"Mimi? Filamu zenyewe hazipatikani madukani! Wapigeni wateja."

Nikasafisha, tukatazama kwa kioo cha kukuzia. Ya Kijerumani katikati ilikuwa kali ajabu, herufi ndogo kabisa unazisoma, lakini kuelekea pembeni maandishi yalivurugika yakawa uji. Ya Kijapani katikati ilipoa kidogo, ila hata pembeni herufi zilisomeka vilevile. Nikasema tuchukue hiyo.

"Katikati anakaa babu," kaka akasema. "Picha ya ukoo ni uso wa mzee. Nani anaangaliaga pembeni?"

"Kwani wanaosimama pembeni si watu?"

"Mdogo wangu, wewe kazi yako ni kule gizani."

Yeye ndiye mkubwa, yakaishia hapo. Nililia kwa hasira, sikupika siku hiyo.

Kwetu mke hamkaribii baba mkwe. Hali naye, hakai naye pamoja, akimwona njiani anapinda. Siku ya picha babu akakalia kiti chake katikati, na mama akaenda zake mwisho kabisa wa mstari, pembeni kupita wake wenzake wote wa ukoo.

"Mama, sogea ndani!" kaka akaita.

"Nisogee kwa baba mkwe? Una wazimu wewe?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Kaka akabonyeza.

Mama hakumaliza masika ya kwanza kule kijijini. Nyumba mpya ilikuwa haijaezekwa vizuri, ikivuja juu ya kitanda chake, na homa ikamchukua. Kaka akataka picha ya kuweka juu ya jeneza. Tukaingia gizani wote wawili, akaikuza ile pembe ya picha ya ukoo, akaikuza tena, na kila alipoikuza mama alizidi kuyeyuka. Ndevu za babu ungeweza kuzihesabu. Kaka akakaa sakafuni akalia kama mtoto. Nilimkasirikia mno, hata begani sikumshika.

Ndipo nikaikumbuka picha ya majaribio, ile ya lenzi ya Kijapani. Nikaitafuta kwenye takataka za studio mpaka nikaipata. Kwenye ukingo wa gazeti upo mkono wa mama. Kucha zinaonekana, na kovu la jembe kwenye kidole gumba, na mikwaruzo ya kuchuma pamba. Mkono unaishia kwenye kifundo. Yeye mwenyewe kabaki nje ya picha.

Hiyo ndiyo tuliyoweka juu ya jeneza. Mpaka leo wajukuu zake wakiniuliza bibi yao alifananaje, nawaonyesha mkono.