Simu Kwetu, Televisheni kwa Bi Mwanasha

Mkono wa simu ya Mjomba Salim ulinuka midomo ya watu. Tambuu ya nyanya, sigara za mjomba, karafuu za majirani waliokuja kupokea habari za jamaa zao, harufu zote zilijikusanya kwenye vile vitundu vya kusemea, nami nilizivuta likizo nzima. Nilikuwa na miaka kumi, katika miaka ya tisini, nikilelewa Likoni na nyanya na mjomba, ambaye alikuwa karani bandarini na ndiye peke yake mtaani aliyekuwa na simu. Mama alikuwa Uarabuni, akifanya kazi katika nyumba ya watu. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na barua yake ilisema kwamba siku matajiri wake watakapotoka, atapata upenyo wa kutupigia. Siku gani, hakusema. Mimi nilitaka neno moja tu kutoka kwake, kwamba anarudi.

Basi nyanya akanikalisha kando ya simu. Masikio yake yalikuwa mazito, mjomba alishinda kazini, na simu yenyewe ilikuwa imetiwa kufuli kwenye namba ili watu wasipige ovyo, kwa hivyo ilikuwa ya kupokea tu. "Usibanduke hapo, mwanangu," aliniambia. "Mamako akipiga asikute nyumba tupu." Kila baada ya muda aliniita kutoka uani kuhakikisha nipo, nami niliitika "Abee!" kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia. Nje wenzangu waliruka kamba na kugombana, na mimi nikaitazama simu chini ya kitambaa chake cha kufuma, imenyamaza, imenona kama paka wa tajiri. Niliichukia. Siku nyingine nilimchukia mama pia, halafu nikaogopa kwamba Mungu amesikia.

Kilichonitesa zaidi ni televisheni ya rangi ya Bi Mwanasha, ng'ambo ya uchochoro, ambapo watu wawili wenye ndoo hawakuweza kupishana. Jumamosi alasiri watoto wa mtaa mzima walijazana sebuleni kwake kutazama mchezo wa kuigiza, ndara zao zikalundikana mlangoni. Mimi nilikuwa nikiusikia tu kupitia dirishani. Jumamosi moja nikagundua kwamba waya wa simu ulikuwa mrefu. Niliivuta hadi kwenye kizingiti cha dirisha, nikafungua mbao, nikavuka uchochoro na kuketi karibu na mlango wa Bi Mwanasha, sikio moja kwa mchezo, sikio moja kwetu. Nilijiona mjanja kupindukia. Simu haikulia, nyanya alikuwa amelala, nikarudi kabla hajaamka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Katika mchezo ule palikuwa na meneja mmoja mvivu, amelala juu ya meza yake, na simu ya ofisini ikaanza kulia. Tulicheka sana. Meneja akazinduka, akaunyanyua mkono wa simu, akaanza kusema, lakini mlio haukukoma. Nilijiambia ofisi kubwa kama ile haikosi simu mbili. Nikaendelea kucheka na wenzangu mpaka Bi Mwanasha aliponigeukia. "We Rehema, si simu yenu hiyo?" Sikumbuki nilivyovuka. Nakumbuka nilivyonyanyua mkono wa simu na kusikia ule mlio mmoja mrefu wa laini tupu, na nilivyosema "Mama" hata hivyo, mara mbili.

Barua ilikuja wiki kadhaa baadaye. Mjomba aliisoma kwa sauti: "Nilipiga simu, hamkupokea. Nimeongeza miaka miwili." Nyanya aliniuliza kama nilitoka, nikaapa wallahi sikutoka, na mjomba akailaumu laini. Sikulia mbele yao. Nilizichukua sentensi mbili zile na kuzifunga pamoja, moja sababu na ya pili matokeo, na humo ndani nikaishi. Aliporudi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikampa mkono kama mgeni, nisiweze kumtazama usoni.

Sasa mama ni mzee, yuko palepale Likoni, na mimi naishi Changamwe. Michezo anaitazama kwenye simu, na nikimpigia, waigizaji wanaondoka na sura yangu inatokea mahali pao. Wajukuu wake hawaelewi ninapowaambia kwamba simu ilikuwa nyumba moja na televisheni nyumba nyingine, na mtu alilazimika kuchagua. Wananiona kama mtu aliyetoka kifungoni. Lakini mimi siwezi kuiacha simu chumba cha pili hata nikienda kuoga.

Mwezi uliopita nilimwambia. "Mama, siku ile ulipopiga kutoka Uarabuni, niliisikia. Nilikuwa kwa Bi Mwanasha, natazama televisheni."

Aliisogeza simu karibu mpaka nikaona paji lake la uso tu. "Mwanangu, nilikuwa nishatia sahihi mkataba mpya," alisema. "Nilipiga kukwambia tu."

Nilishukuru, wallahi nilishukuru. Kisha hasira ikanipanda, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa na kosa langu la kunieleza kwa nini mama hakurudi, na sasa sikuwa nalo tena.