Ruhusa ya Kumzika Baba

Zama za ruksa, za biashara huria, zilipopamba moto, mkandarasi mmoja wa Dar alipata kazi ya kujenga madarasa Miteja, kwenye barabara ya Lindi, akanifanya mnyapara. Alinikabidhi daftari la mahudhurio na masharti yake. Mojawapo lilisema ruhusa ya msiba ni kwa baba, mama, mke au mtoto tu. Baba wakubwa na mashangazi wazikwe na wasio na kazi.

Aliyetunga sharti hilo hakuwa mtu wa huku. Kwetu baba mkubwa ni baba, kwisha maneno, na asiyekwenda kumzika hana uso wa kurudi nyumbani. Ningelifuata, ningebaki na matofali peke yangu. Basi fundi wangu mkuu, Mmwera wa Kilangala, mtu mpole asiyependa makelele, alipofiwa na baba yake mkubwa, niliandika daftarini kuwa amefiwa na baba mzazi, nikampa siku tatu. Nilijiona mjanja kweli.

Haukupita mwezi. Asubuhi ya kumwaga zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, shemeji yake fundi alifika kwa gari la mnunuzi wa korosho, ambalo lilikuwa ligeuze kurudi Lindi muda uleule.

"Baba ametutoka jana magharibi," alimwambia. "Maziko ni leo alasiri. Panda twende."

Safari hii alikuwa baba mzazi. Mhandisi wa mkandarasi alikuwepo, amekuja kusimamia zege. Akafungua daftari.

"Huyu baba yake si alikufa mwezi uliopita? Ana baba wangapi?"

Akanigeukia mimi. Nilishapunguzwa kazi mara moja kwenye shirika la umma, na miaka miwili niliyokaa bure baada ya hapo sikutaka kuirudia. Kusema kweli kulihitaji sentensi moja tu.

"Zege limeshachanganywa," nikasema.

Fundi alinitazama. Naye alikuwa na sentensi yake, na ingenimaliza. Hakuitoa. Alimwambia shemeji yake atangulie, awaombe wamsubiri kidogo, kisha akapanda jukwaani na mwiko wake. Gari likaondoka.

Zege liliisha baada ya adhuhuri. Linta ilinyooka vizuri na mhandisi akatusifu sote. Fundi alinawa mikono, akaenda barabarani kutafuta lori la kusini. Siku hiyo magari yalikuwa machache.

Alirudi siku ya nne, akaanza kazi bila kuulizwa. Nilimfuata kwenye pipa la maji.

"Pole kwa msiba, kaka."

"Nimeshapoa."

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini aibu ilikuwa imenikaba siku zote nne, nikamwuliza mbona hakunitaja kwa mhandisi.

"Uliniruhusu kumzika baba mkubwa," alisema, "na wengine wasingeniruhusu. Ningekutaja vipi?"

Alichota maji, akanywa, akamwaga yaliyobaki.

"Walinisubiri mpaka jua linazama, mnyapara. Ndugu zangu wote walitia mchanga. Mimi kaburi la baba nimeoneshwa kwa kidole."